Kijivu na Nyeusi

Mezani nimeziweka
mbili, zote nazitaka,
na moja hapa yatoka:
kodi haina subira.

Feruzi kaja jioni,
kasimama mlangoni,
hakutaka kuja ndani,
alikohoa ishara.

Zote zaingia kanga
pindoni nikizifunga,
uzito, robo ya unga,
hakuna wa kuzipora.

Hii yangu ya kijivu,
mkwaruzo kama kovu,
lenzi yake ina nguvu,
kilicho mbali hung'ara.

Uwanja wa Tononoka
mlinda lango karuka:
tone la jasho nashika,
yeye ashika mpira.

Kwenye winchi Kilindini
dereva yumo hewani,
chapati i mkononi
na sikioni, sigara.

Ila jua likizama
hii hushikwa na homa,
picha yatoka yahema,
chenga za wali, si sura.

Nyeusi ni ya kakangu,
kutoka Doha, wenzangu,
kanipa, iwe ni yangu,
ni tunda la mshahara.

Hii haivuti kitu;
lenzi ni miguu yetu,
sogea hatua tatu
na salamu ya busara.

Lakini gizani, dada,
haiombi msaada,
kibatari ni ziyada,
kwake kiza ni sitara.

Rangi zao si pamoja:
kijivu huzidi haja,
bluu ya anga huvuja
kama rangi ya bandera.

Nyeusi haina chumvi,
mzee huwa na mvi,
chokaa hutoka hivi
imebabuka, dhahira.

Jumamosi, kwa Shufaa,
kupamba kumeshajaa,
stima ikakataa,
pakazuka na harara.

Simu zote mlangoni
zimebaki kikapuni;
mishumaa mikononi
tukakaa kwa duara.

Bibi harusi kacheka,
hina haijakauka,
kijivu yahangaika,
haijui pa kuchora.

Nikaitoa nyeusi,
nikasogea kiasi,
karibu niguse lesi:
moja tu; ikawa bora.

Ukiitazama picha,
mshumaa unaficha
nusu, na nusu waacha,
na jino moja lang'ara.

Basi nyeusi ibaki?
Polepole, sihamaki.
Wachezaji hawataki
nikimbie na kamera.

Timu hulipa kidogo
lakini haina zogo;
harusi zina mizigo,
msimu, si kila mara.

Rafiya, mpwangu, kanena,
"Simu ya leo si ina
hayo yote, tena sana?
Mbona wajipa hasara?"

Nikamwambia, "Kikapu
kilimeza simu tupu;
mimi nikapita chapu,
kwa amana, na kamera."

Mteja akaja, Tsuma
wa Mikindani; asoma
ndege, mikokoni nyuma
huwangoja kwa subira.

Kaivuta hadi mwisho,
paani njiwa na posho,
akafuta lake jasho,
"Hii," kasema, "imara."

Kahesabu noti zake,
za mia, za mama yake,
zanuka karai lake,
viazi vya barabara.

Nikampa na mkoba,
chaja, betri ya akiba;
Feruzi kodi kashiba,
kikohozi kikagura.

Sasa natembea mno,
kila picha ni agano,
huanza na langu neno;
zimeshatoboka ndara.

Nakaa nyuma ya goli,
wachezaji wako mbali
kama sisimizi; kweli,
nimeukosa mpira.

Napiga wa pembezoni:
muuza njugu wa koni,
kocha, kucha mdomoni,
anakwisha kwa fikira.

Nilisahau kufuta
picha moja ilopita,
kwenye kioo, navuta
nijione yangu sura.

Tsuma huenda aone,
kati ya ndege wanene,
jicho moja, si jingine,
likitazama kamera.